Maji ya mgongo ni safi, mbona mtoto haamki?

SWALI: Mwanangu wa miaka 2 alishikwa na mafua na homa kali, kesho yake akapata degedege la karibu nusu saa. Maji ya uti wa mgongo yalipopimwa hayakuonekana bakteria wala virusi, lakini daktari anasema ni ensefalopathi iliyoletwa na virusi vya influenza. Virusi gani hivyo visivyoonekana?

JIBU: Pole sana, mama. Vipo, ila huenda havijavuka koo na mapafu. Katika ensefalitisi, ubongo wenyewe ndio ulioshambuliwa, na mara nyingi maji yale hujaa chembe nyeupe za damu. Ensefalopathi ni kesi nyingine. Kinga ya mwili hupandisha ghadhabu kupita kiasi, humwaga saitokini (kemikali za kinga zinazoamsha uvimbe) kwenye damu, mishipa midogo huanza kuvuja na ubongo huvimba ndani ya fuvu. Maji yanaweza kuwa safi kabisa huku mtoto yuko mahututi.

Degedege la kawaida la homa huisha kabla ya dakika 15, na haupiti muda mrefu mtoto anamtambua mama yake. Huyu wenu hakuamka, na hilo ndilo lililomshtua daktari kuliko homa. Wengine hutanguliwa na vituko: mtoto anaongea na ukuta, au anajing'ata mkono kana kwamba ni chakula.

Sasa jambo ninalotaka mlishike. Ipo aina inayodanganya: baada ya degedege refu mtoto huzinduka kidogo, picha ya ubongo ya MRI hutoka safi, watu wakashusha pumzi. Kati ya siku ya 4 na ya 6 degedege hurudi kwa mafungu, na picha ya safari hii huonyesha madhara. Kwa hiyo msiombe ruhusa mapema kwa sababu tu kipimo cha kwanza kilikuwa kizuri. Aina nyingine, iliyoelezwa Japani mwaka 1995, hupiga thalamasi (sehemu za katikati ya ubongo) zote mbili, kulia na kushoto, na yenyewe haina subira: hali huharibika ndani ya saa chache.

Matibabu ni kuzima degedege, kulinda pumzi na sukari, kupunguza uvimbe; mara nyingi huongezwa steroidi (dawa za kutuliza kinga na uvimbe) za mshipani, na dawa ya influenza.

Na kama nyumbani kuna wadogo wengine wenye mafua, homa yao ishushwe kwa parasetamoli. Aspirini wasiiguse: inahusishwa na ugonjwa wa Reye, unaoharibu ini na ubongo kwa pamoja. Diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu, nayo iacheni.