Mjerumani akikwambia "kwetu hiyo ni kosa", muulize kwanza alilipa kiasi gani

Wakuu, salaam. Mleta mada amelalamika kwamba mjadala wowote wa teknolojia ukianza mtandaoni, iwe kamera za magari, magemu au filamu za bure, hakosi kutokea Mjerumani wa kuandika "kwetu hiyo ni kosa kisheria" na kuharibu stori. Akauliza hawa watu wamelishwa nini. Niko Dortmund tangu 2011, na nilikuwa nawacheka kama ninyi mpaka siku nilipopokea bahasha.

Ilikuwa 2015. Intaneti ya nyumbani iko kwa jina langu. Mtoto wa mama mdogo alikuja kutoka Mwanza, akakaa kwangu wiki mbili. Mimi nikiingia shifti ya usiku, yeye anabaki na kompyuta yake. Paswedi ya waifai nilimpa kama mtu anavyompa mgeni maji ya kunywa. Akaondoka. Miezi miwili baadaye nakuta barua nene ya ofisi ya mawakili: tarehe, saa, dakika, jina la filamu, namba ya IP ya laini yangu, yaani namba inayoitambulisha mtandaoni. Wanataka vitu viwili, euro 900 na ushee, pamoja na sahihi yangu kwenye hati ya kuahidi kwamba jambo hilo halitarudiwa. Nimepewa siku kumi. Wenyewe wanaiita Abmahnung, na ukilitaja neno hilo kazini wakati wa chakula cha mchana, vijiko vinasimama. Kila mtu ana mtoto au mpangaji aliyewahi kuletewa.

Kinachowaponza watu ni torenti. Unapopakua filamu kwa njia hiyo, programu yako inaigawa papo hapo kwa wengine vipande vipande, ujue usijue, na wanachokuja kukudai ni huko kusambaza. Mwenye filamu anaajiri kampuni inayojiunga na torenti ileile na kunakili namba za IP zinazoonekana humo. Baada ya hapo mahakama inaombwa iiamuru kampuni ya intaneti itaje mteja. Hakuna polisi wala mtu wa kugonga mlango, ni posta tu.

Niliogopa, nikasaini hati yao kama walivyoiandika. Hilo lilikuwa kosa. Mwenye akili haisaini ile. Anatengenezewa yake fupi, inayoahidi kutorudia bila kukiri deni, kwa sababu hati hiyo ukishaisaini inakufunga maisha, na ukiivunja kuna faini juu yake. Pia sikwenda Verbraucherzentrale, ofisi ya kutetea wateja ambayo miji mingi inayo, ambako mwanasheria angeisoma kwa ada ndogo. Niliwabembeleza wakashuka hadi euro 600, nikalipa kwa mafungu. Nilipompigia dogo simu akashangaa: "Braza, si nilikuwa naangalia tu?"

Kilichonikata maini kilikuja mwaka uliofuata. Tarehe 12 Mei 2016 mahakama kuu ya kesi za madai, iliyoko Karlsruhe, iliamua kesi ya mama mmoja aliyetembelewa na binti wa ndugu yake kutoka Australia akiwa na mwenzake. Wageni wakapewa paswedi, wakapakua filamu, barua ikaja kwa mwenyeji. Majaji wakasema mwenye laini halazimiki kumhubiria mgeni mtu mzima kuhusu torenti kama hakuna dalili kwamba ataitumia vibaya. Yaani kesi yangu tupu! Weka Mwanza badala ya Australia. Lakini mimi nilishasaini na kulipa.

Kuanzia hapo nikaanza kuwaelewa. Mjerumani anayekwambia "ni kosa" mara nyingi hahubiri maadili. Anakumbuka bahasha, yake au ya jirani.

Kuna na mambo ya zamani zaidi. Niliwahi kupiga picha kwenye sherehe ya kazini nikaiweka mtandaoni, na dada mmoja akaja taratibu kuniomba niiondoe. Nikadhani ana maringo. Kumbe sheria ya kuzuia picha ya mtu kutangazwa bila ridhaa yake ni ya mwaka 1907, na chanzo chake ni maiti ya Bismarck. Ndiyo, yuleyule wa mkutano wa Berlin wa kugawana Afrika, ambaye jina lake lipo kwenye lile jiwe la ziwani pale Mwanza. Alipofariki mwaka 1898, wapiga picha wawili walijipenyeza usiku chumbani alimolazwa, wakampiga picha kitandani na kutaka kuiuza. Familia ikashtaki, na mahakama ikalazimika kutumia hoja ya kuingia nyumba ya watu bila ruhusa, kwa sababu hapakuwa na sheria ya picha yenyewe. Ndipo ikatungwa.

Kuhusu taarifa binafsi, jimbo la Hessen lilitunga sheria ya kuzilinda mwaka 1970, la kwanza duniani. Mwaka 1983 serikali ya Ujerumani Magharibi ilitaka kuhesabu watu kwa dodoso refu, wananchi wakagoma, na mahakama ya katiba (hiyo nayo iko Karlsruhe) ikasema mtu ana haki ya kuamua taarifa zake zitumikeje. Upande wa Mashariki nako kulikuwa na Stasi, polisi wa siri waliopeleleza wananchi. Mzee mmoja tuliyefanya naye kazi, mzaliwa wa Leipzig, alikwenda kusoma faili lake mafaili ya Stasi yalipofunguliwa mwaka 1992. Akakuta jirani aliripoti hata kahawa waliyoletewa na ndugu wa Magharibi. Mzee huyo, Google ilipoleta Street View (picha za mitaa na nyumba mtandaoni) mwaka 2010, alikuwa miongoni mwa kaya zipatazo 244,000 zilizoomba nyumba zao zifichwe kwa ukungu. Nilimwambia, mzee, nyumba si kila apitaye anaiona? Akanijibu kwamba apitaye haandiki.

Sikusema wako sahihi kila mara, wakuu. Kwenye burudani wana vituko. Kuanzia 2009 hadi Novemba 2016 YouTube na GEMA, chama kinachokusanya mirabaha ya watunzi wa muziki, walivutana, na sisi tukawa tunafungua video za wanamuziki wakubwa tunakuta kisura chekundu chenye huzuni kikituomba radhi. Alama za Wanazi nazo, ambazo huku ni marufuku: kwenye filamu zilihesabiwa sanaa zikaruhusiwa, kwenye gemu hapana. Toleo la Kijerumani la gemu la Wolfenstein II la 2017 lilimnyoa Hitler masharubu na kumbadilisha jina. Masharti ya gemu yakalegezwa Agosti 2018. Na kamera ya gari je? Mwezi Mei mwaka huohuo ile mahakama ya kesi za madai ya Karlsruhe iliamua kwamba kurekodi barabara mfululizo ni kinyume cha sheria ya taarifa, lakini video hiyohiyo inaweza kupokelewa kama ushahidi ajali ikitokea. Mtu wa Marekani akisoma hayo anashika kichwa.

Hapo ndipo ninapokubaliana na mleta mada: Mjerumani huyo anasahau kwamba sheria yake inaishia mpakani. Anamwambia mtu wa Texas "ni kosa" kana kwamba Karlsruhe iko Houston. Ila sisi tusicheke sana. Kenya ina sheria ya taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, na ukizisoma utakuta maneno mengi ya Mjerumani wenu yapo humo.

Dogo alirudi tena mwaka jana. Nimemfungulia waifai ya wageni, torenti nimeziba kwenye ruta, na jioni ya kwanza tukakaa tukaangalia filamu ya kulipia. Anasema nimekuwa mchoyo.