Ghorofa Kumi na Nne Pembeni mwa Nyumba Yangu: Tupinge Nini?

SWALI: Mhariri, ninaishi Kileleshwa, Nairobi, tangu miaka ya 1980. Ploti ya jirani yetu, nusu ekari yenye nyumba moja isiyo na ghorofa, imeuzwa, na wiki iliyopita langoni pamebandikwa tangazo la kuomba kubadilisha matumizi ya ardhi kutoka makao ya familia moja hadi fleti za ghorofa kumi na nne. Maji ya mfereji tunayapata siku mbili kwa wiki, na masika yakianza maji taka hufurika barabarani. Majirani wanataka tupinge fleti za aina yoyote. Mimi ninasita, kwa kuwa wanangu wawili wamepanga Kitengela na Ruiru, na huamka saa kumi alfajiri ili wawahi kazini mjini. Je, tuna haki gani, na tupinge nini hasa?
Mama wa Kileleshwa

JIBU: Mama, kusita kwako kuna msingi, na ninawaomba majirani zako wakusikilize kabla hamjaandika chochote. Fleti si jambo geni huko kwenu. Mwongozo wa ujenzi wa Nairobi wa mwaka 2004 uliiweka Kileleshwa katika Ukanda wa 4, pamoja na Kilimani na Woodley, ukaruhusu fleti zisizozidi ghorofa nne. Penye bomba la maji taka, jengo lisifunike zaidi ya asilimia 35 ya ploti, na sakafu zote zikijumlishwa zisizidi asilimia 75 ya ukubwa wake.

Tupige hesabu. Nusu ekari ni takriban mita za mraba 2,020, hivyo sakafu zote zingefika mita 1,500 hivi, ambazo zinatosha nyumba kumi na tano za mita mia moja kila moja, ukipunguza kidogo kwa ajili ya ngazi na njia za kupitia. Familia kumi na tano zingeishi karibu na mji mahali ilipokuwa ikiishi moja. Hilo, kwa maoni yangu, ni jambo jema, na mtaa ukilikataa unawafungia mlango vijana kama wanao. Ghorofa kumi na nne ni habari nyingine: hata jengo likibaki ndani ya ile asilimia 35, sakafu zake zikijumlishwa zitazidi ile asilimia 75 zaidi ya mara sita.

Hata hivyo, msitegemee idadi ya ghorofa peke yake. Majengo marefu kuliko hayo yameidhinishwa jijini tangu wakati huo, na mabishano juu ya kipimo kinachopaswa kufuatwa yamefika mahakamani. Hoja yenye uzito zaidi ni ile uliyoitaja mwenyewe kama kwa kupita: bomba. Bomba la maji taka lililotandazwa kwa ajili ya nyumba moja moja halipanuki kwa sababu kibali kimetolewa. Mtakeni mwombaji aonyeshe kwa maandishi kwamba kampuni ya maji imethibitisha uwezo wa bomba hilo, na aeleze maji safi yatatoka wapi. Akijibu kwamba atachimba kisima kirefu, mkumbusheni kuwa maji ya chini ya ardhi Nairobi yamekuwa yakishuka na mara nyingi yana floridi nyingi, ambayo huharibu meno ya watoto.

Kuhusu haki zenu, Sheria ya Mipango ya Maeneo na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, kifungu cha 58, inamlazimu mwombaji kuutangazia umma mradi wake, na tangazo hilo liwaalike wananchi kupeleka pingamizi kwa mjumbe wa kamati kuu ya kaunti anayehusika na mipango. Si lazima muwe na wakili, wala chama cha wakazi kilichosajiliwa. Andikeni mapema, kwani kifungu hicho hicho kinasema kwamba mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, kibali kitahesabika kuwa kimetolewa. Ukimya wa ofisi, kwa hiyo, unamfaa mwenye mradi.

Uamuzi ukitoka na msiridhike nao, mna siku 14 tu za kukata rufani mbele ya kamati ya kaunti inayosikiliza migogoro ya mipango, na baada ya hapo ipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Wengi hupoteza haki yao katika siku hizo 14, kwa kuwa hupata habari ya uamuzi wanapoona tingatinga likiingia langoni.

Katika barua yenu semeni wazi kwamba mnakubali fleti za ghorofa nne, zenye nafasi ya kutosha kati ya ukuta wa jengo na ua wako ili jua lisizibwe, na kwamba lolote zaidi ya hapo lisubiri bomba kubwa zaidi. Ambatisheni picha za maji taka barabarani, zenye tarehe. Pelekeni nakala mbili, na yenu igongwe muhuri wa kupokelewa siku hiyo hiyo.