Gari Limekosa Nguvu? Anzia Kwenye Hewa

Ukishika spana kwenye gereji ya magari ya mizigo hapa Mwanza, iwe Nyakato, Igoma au kule Usagara, kila wiki utasikia malalamiko mawili yanayokuja yameshikana mikono: gari halina nguvu, na linakunywa mafuta. Tajiri huyaleta kwa simu. Dereva huyaleta kwa mdomo. Utingo hunyamaza akicheka pembeni, maana yeye anajua mafuta mengine yanaishia wapi. Hilo la utingo nitalirudia. Kwanza, mdogo wangu, nikusimulie kosa langu. Ada yake nilishailipa, sioni kwa nini na wewe uilipe.

Nilikuwa na mwaka wa tatu tangu niache kuosha spea na kuruhusiwa kugusa injini. Ikaja lori la Fuso Fighter lenye turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa zaidi, na pampu ya mafuta ya kizamani isiyo na kompyuta. Dereva anasema akikutana na mlima gari linachoka, wenzake wanampita wakimpungia mkono. Fundi mkuu alikuwa msibani. Nikakata sili ya pampu, nikaifungua skrubu ya mafuta mzunguko mmoja na robo. Tukapanda nalo kilima, limeruka kama limefukuzwa na nyuki, nyuma moshi mweusi tii. Dereva akafurahi, akaniachia hela ya soda. Siku ya pili usiku simu ikaita: gari limezimika likipanda Sekenke na mzigo wa mchele wa kwenda Dar. Lilirudi limevutwa. Pistoni mbili zimeyeyuka vichwa.

Fundi mkuu hakunipigia kelele. Aliosha injini yote, akafunga njia ya hewa, akaijaza upepo, akapaka povu la sabuni kwenye mpira unaotoka kwenye turbo. Chini ya klampu, mahali jicho halifiki, povu likaanza kuvimba. Mpira ulikuwa umechanika kiasi cha ukucha, na ulifunguka pale tu turbo ilipousukuma. Gari lilikuwa na mafuta ya kutosha siku zote. Lilikosa pumzi, nami nikaliongezea chakula.

Hapo ndipo penye somo lote la kutyuni, yaani kurekebisha, injini ya dizeli, na mengine yote ninayokuandikia yanazunguka hapo. Lita moja ya dizeli inahitaji hewa ya kilo 12 hivi ili iungue yote, tena hayo ni mahesabu ya kwenye karatasi. Ndani ya silinda mchanganyiko haukamiliki hivyo, kwa hiyo injini inataka hewa zaidi ya hapo. Ukimwaga mafuta kuliko hewa iliyopo, yanayobaki yanatoka kama moshi mweusi, na moto unaendelea kuwaka wakati pistoni imeshaanza kushuka. Joto linakwenda kwenye valvu, kwenye turbo na kwenye kichwa cha pistoni. Aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi. Pistoni inapona kwa sababu oili na maji vinaipoza muda wote, ila kwenye mlima mrefu na mzigo kamili uvumilivu huo una mwisho.

Sasa kumbuka tunaishi wapi. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 10 hadi 12. Zile kilo 12 za hewa ambazo Dar zinaenea kwenye mita za ujazo 10 hivi, hapa zinataka 11 na nusu hivi. Injini yenye turbo inajisaidia, inanyonya zaidi. Hiace ya dizeli yenye injini ya 5L au Canter isiyo na turbo haina pa kukimbilia: ikifika Mwanza imeshapoteza sehemu ya nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu, na hakuna skrubu itakayoirudisha. Nimewahi kuipunguzia mafuta kidogo Hiace ya namna hiyo iliyotoka pwani. Moshi ukakata, matumizi yakashuka, na nguvu ikabaki ileile. Mwenye gari hakuamini kwamba nimemtoza hela kwa kupunguza kitu.

Kwa hiyo gari likiingia, anza na njia ya hewa kutoka mdomoni hadi mkiani. Chujio la hewa, ekliana, usilipige kwenye tairi kama wanavyofanya wengi. Karatasi inapasuka na vumbi la barabara za Sengerema linaingia moja kwa moja kwenye silinda kama msasa. Puliza kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, kisha ingiza taa ndani uangalie kama kuna tundu. Kama limeshapulizwa mara nyingi, nunua jipya. Mipira na klampu zote zipime kwa povu, upepo usizidi bar 1. Shika shafti ya turbo uone kama inacheza. Halafu nenda mbele kwenye rejeta na intakula, ile inayopoza hewa ya turbo kabla haijaingia kwenye injini. Magari yanayolala karibu na Mwaloni au yanayofuata barabara ya Musoma usiku huwa yamejaa wale wadudu wa ziwani wanaopaa kama moshi juu ya maji. Wanajipanga kwenye mapezi, vumbi linakuja juu yao, mvua inawakandika, na baada ya miezi michache una ukuta wa udongo. Intakula iliyozibwa inaipa injini hewa ya moto, na hewa ya moto ni nyepesi, yaani umerudi kulekule kwenye upungufu. Osha kutoka upande wa injini kwenda nje, maji yasiwe ya kasi ya kulaza mapezi.

Mwisho wa njia ni ekzosi. Silensa iliyovunjika ndani inaweza kukuhangaisha siku tatu.

Hewa ikikaa sawa, kuna kitu kimoja nataka nikigombee kabla hujagusa nozeli zinazopuliza dizeli kwenye silinda: themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Sijui nani alianzisha huu mtindo wa kung'oa themostati kila gari linapochemsha, ila umeenea gereji zote hadi wateja wenyewe wanaomba. "Fundi, toa hiyo kitu, huku kwetu joto." Themostati nyingi za malori zinafunguka kati ya nyuzi 76 na 88. Ukiing'oa, injini inazunguka ikiwa vuguvugu, hasa asubuhi na kwenye safari fupi za mjini. Dizeli inapulizwa kwenye silinda baridi, sehemu haiungui vizuri, oili inabaki nzito, pistoni inasuguana. Kwenye gari lenye kompyuta ni vibaya zaidi, kwa sababu kompyuta inaona injini haijapata moto na inaendelea kuongeza mafuta. Gari linakula, halichemshi, kila mtu anaridhika mpaka siku ya kujaza tangi. Kuipima hakuhitaji mashine ya maana: sufuria ya maji kwenye jiko la mkaa, kipimajoto, themostati umeifunga kwa uzi isiguse chini. Tazama inafunguka kwenye nyuzi ngapi. Kama gari linachemsha, tafuta kwa nini linachemsha.

Tapeti, yaani nafasi ya valvu, na taimingi, yaani wakati wa kupuliza mafuta, sitakaa sana, utafundishwa kwa mkono. Injini za Mitsubishi za 4D3 tapeti zake ni milimita 0.4 injini ikiwa baridi, na baridi maana yake imelala usiku kucha. Nozeli zipeleke kwenye stendi, zipimwe zinafunguka kwa presha gani na zinapuliza umande au zinakojoa. Nozeli moja inayokojoa ndani ya sita inatosha kuharibu hesabu ya mafuta ya gari zima.

Halafu shuka chini ya gari. Baada ya safari ya majaribio pitisha kiganja karibu na kila habu, pale katikati ya gurudumu. Yenye moto kuliko wenzake ina breki inayoshika, na injini ilikuwa inavuta gari huku limekanyagwa breki. Tairi zenye upepo mdogo zinafanya kazi hiyohiyo polepole. Nimekutana na lori lililopelekwa kubadilishwa programu ya kompyuta wakati habu mbili za nyuma zinanuka moto.

Sasa kompyuta, ambayo najua ndiyo inakuvuta, kwa sababu vijana mnataka laptopu kuliko povu la sabuni. Kutyuni injini ya dizeli yenye turbo na kompyuta ni kazi ya kweli. Kiwandani huacha nafasi kwa sababu gari linauzwa nchi nyingi, zenye mafuta ya kila aina. Programu ikibadilishwa kwa akili, msukumo unaongezeka kwenye mizunguko ya chini, dereva anapanda mlima bila kushusha gia mbili, na hapo mafuta yanaokoka. Akitumia nguvu hiyo kukimbia, umempa tajiri gari linalofika mapema na kula zaidi. Hiace ya petroli ya 2TR haina turbo. Usimwahidi mtu makubwa. Mbadilishie plagi, safisha kihisi cha hewa, mwambie ukweli.

Kabla ya kuandika chochote kwenye kompyuta ya gari, nakili programu ya mwanzo na uihifadhi sehemu mbili. Unganisha chaja ya betri inayoshikilia volti. Volti zikianguka katikati ya kuandika, kompyuta inakufa mikononi mwako, na bei yake utaijua siku hiyo. Tazama vipimo kwenye laptopu gari likiwa barabarani na mzigo: presha ya turbo iliyoombwa na iliyopatikana, presha ya mafuta, joto la maji. Kama kompyuta inaomba presha ya turbo na haiipati, kuna tundu mahali, rudi kwenye povu. Ukiweza funga kipimo cha joto la moshi kabla ya turbo. Mimi nikiona linakaa juu ya nyuzi 700 mlimani, napunguza mafuta hata kama mteja amenuna.

Na usiguse paipu za nozeli kwa kidole kutafuta linapovuja. Mfumo huu unafika bar 1,300 na zaidi. Mafuta yanapenya ngozi kama sindano, kidonda kinaonekana kidogo kama cha mwiba, na ndani kidole kinaoza. Ikikupata, kimbilia hospitali ya Bugando saa hiyohiyo, usisubiri kivimbe.

Vile vikasha vya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, vidonge vya kutia kwenye tangi, sumaku za kufunga kwenye paipu ya mafuta: Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, limeshapitia vifaa vya aina hiyo zaidi ya 100 na halikupata kinachopunguza matumizi kwa kiasi cha maana. Mteja akikuletea, mrudishie kwa heshima. Wengi ni wazee wetu na wametapeliwa kwa hela halali.

Kupima. Hapa ndipo vijana mnanichosha. Jaza tangi hadi mdomoni, andika kilometa, nenda safari, rudi pampu ileile, jaza tena hadi mdomoni, gawanya. Fanya safari tatu zenye mzigo unaofanana kabla ya kugusa kitu na tatu baada ya kugusa kitu kimoja. Kama tairi zimebadilishwa saizi, kilometa za dashibodi zinadanganya, zisahihishe kwanza. Kwenye daftari langu semitrela yenye mzigo inacheza kwenye kilometa 2 kwa lita, Fuso karibu na 4. Kutoka hapa hadi Dar ni kilometa 1,150 hivi. Semitrela ikitoka kilometa 2 kwa lita ikafika 2.2, safari moja imeokoa lita 52. Chukua bei ya mwezi huu ya EWURA, mamlaka inayotangaza bei za mafuta, kwa Mwanza, ambayo huwa juu ya ile ya Dar, uzidishe mwenyewe. Tajiri akiona hesabu hiyo habishani na bili yako.

Ila hesabu hiyo ina mlango wa nyuma, ndipo linaporudi lile la utingo. Mafuta yanayouzwa kwa dumu njiani yanaonekana kwenye daftari kama ugonjwa wa injini. Usimtuhumu dereva, huna ushahidi na utamhitaji kesho. Omba kwenda naye safari moja. Ukiwa umekaa kwenye kiti cha katikati, gari hupona lenyewe.

Na ukiwa humo, tazama mguu wake. Magari ya zaidi ya tani tatu na nusu mwisho wake kisheria ni kilometa 80 kwa saa, na nguvu ya kusukuma upepo inapanda haraka sana kasi inapoongezeka. Wengine hushuka milima na fri, yaani gari halimo kwenye gia yoyote, wakiamini wanaokoa. Kwenye injini yenye kompyuta, ukiwa ndani ya gia na umeachia mguu, mafuta yanakatwa kabisa; ukiweka fri, injini inakula ya kusubiria, na breki zinabaki peke yake na tani zote zile. Mweleze taratibu, mkiwa mmepumzika mnakula. Mkiwa kwenye mteremko atakuona mjuaji.

Nina mteja mwenye Canter inayobeba bidhaa kwenda Geita. Miaka yote alikuwa anasubiri kivuko Kigongo, foleni inasogea hatua kumi inasimama, dereva hazimi injini. Alibadilisha programu ya kompyuta kwa fundi mwingine wiki ileile ya Juni 2025 lilipofunguliwa Daraja la John Pombe Magufuli la kwenda Busisi. Matumizi yakashuka vizuri kabisa. Hadi leo anawapa watu namba ya yule fundi wa kompyuta.