Kizunguzungu cha mama akiinuka usiku
Dada, kama bi mkubwa anatumia dawa za presha na huyumba akiinuka kwenda msalani, mpime presha hivi: alale dakika 5, pima, asimame, pima baada ya dakika 1, kisha ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, presha yamwanguka akisimama. Ziandike umpelekee daktari, usimkatize dawa mwenyewe. Joto hili la kaskazi humkausha maji, nayo presha huzidi kushuka, na wazee hawahisi kiu upesi. Madafu ni mazuri, ila yana potasiamu nyingi, madini ambayo figo ndizo huyatoa mwilini. Figo zikiwa na kasoro, ulizeni kwanza. Usiku aketi ukingoni mwa kitanda, achezeshe nyayo dakika 2, ndipo ainuke. Na kile kizulia cha mlangoni mwa choo kitoe leo, asije akajikwaa.