Petroli au dizeli kwa mtu wa Malindi: jibu langu kwa Mwalimu

Mwalimu, salaam. Umesema unakaa Muyeye, shule yako iko Barani, jioni unawapitia watoto madrasa, na Mombasa unakwenda mara moja kwa mwezi kumwona mama. Magari unayoyapigia hesabu ni mawili, yote mtumba kutoka Japani: wagoni ya petroli ya lita 1.5, na lile la juu la dizeli, lita 2.2. Shemeji yako anakwambia chukua dizeli, haili mafuta. Mimi nakwambia chukua la petroli. Nitaeleza kwa urefu, kwa sababu shauri kama hilo la shemeji yako ndilo lililonitia hasara, na aliyenipa alinitakia mema tu.

Nianze na dizeli niliyoipenda. Kuanzia 2009 mpaka 2016 nilikuwa na pikapu, Hilux ya injini ya 5L, lita 3, haina turbo, yaani ile feni inayosukuma upepo zaidi kwenye injini. Kazi yake maembe na nazi. Tunapakia Marafa na vijiji vya Magarini, tunateremka kwa barabara ya vumbi, tunavuka daraja la Sabaki, kisha safari ya Kongowea tufike kabla ya alfajiri. Tani nzima nyuma, mchanga chini, na gari linakwenda kwa gia ya pili bila kunung'unika. Miaka saba sikuifungua injini. Nilibadilisha oili kwa wakati, filta, mikanda, basi.

Nguvu hiyo inatokana na namna injini yenyewe inavyowaka. Ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi. Ya dizeli haina cheche: huushindilia upepo kwenye silinda mpaka unakuwa moto wa kutosha, mafuta yakipuliziwa humo yanawaka yenyewe. Petroli inashindilia upepo kama mara 10 hivi. Dizeli kama ile yangu, mara 20 na zaidi. Ndiyo maana inatoa kazi nyingi kwa kila lita, na nguvu yake inakuja mapema, mzunguko ukiwa bado wa chini. Ongeza kwamba lita ya dizeli yenyewe imebeba nishati zaidi ya lita ya petroli, kama sehemu moja kwa kumi hivi. Kwa hiyo shemeji hakusema uongo. Magari mawili yaliyo sawa kwa umbo na uzito, la dizeli litakula kidogo.

Lakini wewe hukulinganisha magari yaliyo sawa. Umelinganisha wagoni nyepesi na gari zito la juu. Hebu tuhesabu. Muyeye, Barani, madrasa, sokoni: tuseme kilomita 10 kwa siku, siku 26, ni 260. Mombasa kwenda na kurudi ni kama 240. Jumla 500 kwa mwezi. Wagoni niliyo nayo sasa, mji na safari pamoja, inanipa kilomita 13 kwa lita. Lile la juu la dizeli nililokuwa nalo lilinipa 11 au 12 kwa matumizi hayohayo. Kwa hiyo petroli utanunua lita 38 au 39 kwa mwezi, dizeli lita 42 mpaka 45. Sasa kila tarehe 14 EPRA, mamlaka inayopanga bei za mafuta, wakitangaza bei, angalia tofauti ya petroli na dizeli kwa lita, uizidishe mwenyewe. Mara nyingi dizeli huwa chini kidogo, lakini kidogo hicho kinamezwa na lita za ziada. Unachookoa kwa mwezi hakifiki hata bei ya filta ya dizeli.

Sasa niseme lililonipata. Mwaka 2016 niliacha biashara ya maembe, nikauza pikapu, nikanunua gari la familia, la juu, dizeli ya kisasa yenye turbo. Nilijiambia dizeli naijua. Kumbe niliyoijua ni ya zamani. Mke wangu ndiye aliyekuwa akilitumia: nyumbani mpaka shule ya watoto, shule mpaka dukani, dakika nane, dakika kumi, gari linazimwa. Mwezi wa saba ikawaka taa ya njano kwenye dashibodi, na gari likakataa kukimbia, ukikanyaga mafuta halisogei.

Dizeli hizi mpya zina kichujio cha masizi kwenye eksozi, mafundi wanakiita DPF. Kinakamata ule moshi mweusi ambao pikapu yangu ilikuwa ikiumwaga barabarani. Kikijaa, lazima masizi yachomwe, na ili yachomeke kichujio kinahitaji joto la nyuzi 600 hivi. Joto hilo halipatikani kutoka Muyeye mpaka Barani. Linataka barabara ndefu, mwendo usiokatika, robo saa au zaidi. Gari likijaribu kujisafisha linapuliza dizeli ya ziada kwenye silinda. Ukilizima katikati, kazi haijaisha, na ile dizeli isiyowaka inateremka kwenye oili.

Hapa ndipo ninapotaka uzingatie sana, Mwalimu. Miezi miwili kabla ya taa kuwaka nilichomoa kijiti cha oili nikakuta kiwango kimepanda juu ya alama. Nikafurahi, nikasema injini haili oili hata tone. Ile haikuwa oili iliyobaki, ilikuwa dizeli iliyoingia. Oili ikiwa nyepesi namna hiyo hailindi vyuma, na cha kwanza kuumia ni turbo, maana inazunguka kwa kasi kubwa mno na uhai wake wote ni ule utando mwembamba wa oili. Turbo yangu ilianza kupiga mbinja kama birika, kisha moshi wa buluu. Hapa mjini fundi wangu, mtu stadi na mwaminifu, hakuwa na kompyuta ya kulazimisha kichujio kijisafishe. Tulilipeleka Mombasa juu ya lori. Kusafisha kichujio, turbo, oili mara mbili, na siku kumi na moja bila gari. Fedha zile zingeninunulia petroli ya mwaka mzima na chenji ingebaki.

Nina binamu Lamu, mashua yake ina mashini ya dizeli ya ndani, ya zamani. Anaiwasha asubuhi, anaiacha inguruma kwa mwendo mmoja kwa muda wa saa nne au tano, mpaka Kiunga ikibidi. Mashini hiyo haijamsumbua. Ndivyo dizeli inavyotaka kutumiwa: ipate moto vizuri, ibebe mzigo, isikatizwe katizwe.

Kuna na suala la mafuta yenyewe. Zamani dizeli iliyotiwa mafuta ya taa ilikuwa jambo la kila siku, kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa rahisi. Ndipo serikali mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuivunja biashara hiyo. Pikapu yangu iliyanywa hayo yote, ikakohoa, ikaendelea. Hizi za kisasa hazivumilii. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu, na mafuta ya taa hayana ulaini huo; nozeli za injini hizo, zinazopuliza mafuta kwenye silinda, zina matundu membamba sana na shinikizo kubwa ajabu. Hata maji ni adui. Huku pwani hewa ina unyevu, tangi likikaa nusu tupu usiku kucha linatoa jasho ndani, na yale maji yanakaa chini. Ukishika dizeli, jaza tangi mara kwa mara, na mwambie fundi afungue kile kikoki cha chini ya filta amwage maji. Na pale sheli, shuka garini useme “dizeli” kwa sauti. Mhudumu akikosea akatia petroli, usiwashe kabisa, hata ufunguo usiuguse. Lisukumwe pembeni, tangi limwagwe lote.

Mtu mwingine aliyekujibu humu amesema dizeli hupita kwenye mafuriko bila kuzima kwa kuwa haina plagi. Ni kweli haina cheche ya kulowa, lakini maji yakipita kwenye bomba la hewa yakafika silinda, hayashindiliki kama upepo. Konirodi, vile vyuma vinavyoshika pistoni, zinapinda hapohapo. Msimamishe mtu yeyote anayekwambia uingie kwenye maji kwa sababu ya dizeli.

Je, ni nani ningemwambia achukue dizeli? Anayepeleka mizigo kila wiki Garsen, Witu mpaka Mokowe, zaidi ya kilomita 200 kwa mwendo mmoja. Anayebeba chumvi au samaki kutoka Gongoni na Ngomeni. Mwenye shamba Langobaya na ng'ombe wa kusafirisha. Hao wakichukua petroli watalia. Na pikapu ya dizeli iliyotunzwa haikosi mnunuzi huku kwetu, hilo shemeji akilisema mkubalie.

Ukiwa na moyo na lile la juu hata hivyo, basi uliweke kwenye ratiba: kila Jumamosi mpaka Kilifi na kurudi, kilomita 80 kwa saa, bila kusimamasimama. Lakini mafuta ya safari hiyo yahesabu pia.

Ukienda kuliangalia la petroli, fika asubuhi kabla mwenyewe hajaliwasha, gusa boneti kama ni baridi. Gari likishawashwa mapema, mlio mbaya wa kuamkia huusikii tena. Liwashe ukiwa umesimama nyuma. Moshi wa buluu maana yake linakula oili, uliache. Fungua kifuniko cha kutilia oili, ukiona utando mweupe kama maziwa, maji na oili vimekutana, uliache pia. Mwambie fundi wako atoe plagi zote nne azipange juu ya boneti: zikiwa na rangi moja ya kahawia hafifu, injini inachoma sawasawa. Iliyo nyeusi na ya mafuta peke yake kati ya nne, muulize silinda ile ina nini kabla hujatoa hata senti. Ukizipiga picha ukaziweka hapa, nitaziangalia usiku nikirudi kazini.