Kabla ya kupendekeza kituo pale njia mbili za treni zinapopishana

Ndugu, nimekuelewa: njia mbili za treni za mjini zinapishana, moja juu ya nyingine, lakini hapo hakuna kituo, na abiria hulazimika kwenda hadi katikati ya mji ndipo wabadilishe treni. Wazo lako si baya, ila ramani hudanganya.

Nenda kwanza ukaone eneo lenyewe. Jukwaa linataka reli iliyonyooka, isiyo na mwinuko mkali. Zikipishana kwenye kona au mteremko, gharama hupaa. Kisha piga hesabu ya muda. Treni ikisimama hapo hupoteza dakika moja au mbili, na wanaopita moja kwa moja ndio watakaoumia. Wakiwa wengi kuliko wanaobadilisha, utapata shida kulitetea wazo lako (langu la aina hiyo lilifia hapo hapo).

Au kuna vituo viwili jirani tayari? Basi omba njia ya waenda kwa miguu, pamoja na lifti. London waliunganisha hivyo vituo vya Hackney Central na Hackney Downs mwaka 2015.

Makadirio ya gharama usiyabuni mwenyewe. Mtafute mhandisi wa reli.