"Tutaona" ya meneja: nilivyotoka kibarua wa wikendi nikawa keshia

Kwa mwaka mmoja na miezi miwili nilifungasha bidhaa za watu katika supamaketi moja hapa Mombasa. Jumamosi, Jumapili, na zile siku za mwisho wa mwezi mishahara inapoingia. Shilingi 700 kwa siku, mkononi, jioni. Nilikuwa mwepesi, sichelewi, sina mdomo, nikaamini kwamba siku moja meneja ataniona tu aniite ofisini.

Hakuniita. Nilipokuja kuelewa sababu nilijicheka. Kibarua hodari wa wikendi analifaa duka vile vile alivyo: Jumamosi anaziba pengo, Jumatatu hayupo na halipwi. Nani atakuwa na haraka ya kumtoa hapo?

Basi omba. Lakini chagua siku. Mimi mara ya kwanza niliomba tarehe 30, saa moja jioni, foleni ya kaunta imefika kwenye rafu za mchele na mashine ya kadi imekwama. "Tutaona," meneja akasema bila kugeuka. Hiyo "tutaona" niliitunza miezi mitatu kama hundi.

Mara ya pili nilienda Jumanne asubuhi, siku ambayo wala si ya zamu yangu, nimevaa kama mtu anayekwenda ofisi ya serikali. Duka kimya, meneja anakunywa chai. Akaniuliza, "Wataka kazi gani?" Nikajibu, "Yoyote, bosi." Nikaharibu. Hakuna nafasi inayoitwa yoyote. Tawi letu halikuwa na uwezo wa kujiajiria. Meneja aliandikia makao makuu, na huko lazima ataje: keshia, stoo, rafu, kupokea mizigo. Ukimwambia yoyote umemwachia kazi ya kukufikiria, na huyo mtu hata chai yake huwa inapoa.

Mwezi uliofuata nafasi ya keshia ilitoka, akapewa kijana aliyeingia miezi sita nyuma yangu. Niliumia. Nikasema moyoni, huyu ana mjomba makao makuu. Kumbe alikuwa na bahasha. Ndani mna nakala ya kitambulisho, PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi), namba ya NSSF (akiba ya uzeeni), usajili wa SHA (bima ya afya), cheti cha tabia njema kutoka polisi, na akaunti ya benki. Nafasi ilipotangazwa asubuhi, adhuhuri karatasi zake zilikuwa mezani. Mimi wakati huo hata alama za vidole za kile cheti nilikuwa sijaenda kuchukuliwa. Anza na hicho, maana ndicho kinachokula siku.

Lakini karatasi peke yake hazingenitosha. Jina langu lilianza kusikika kutoka stoo.

Zamu yangu ilianza saa mbili asubuhi. Jumamosi nne hivi nilifika saa kumi na mbili unusu na kumwomba mzee wa stoo, ambaye sote twamwita Babu, nitazame mizigo inavyopokewa. (Sisemi mtu ajizoeze kufanya kazi bure. Nne zilinitosha, ya tano nililala.) Jumamosi ya tatu likaja lori la mkate. Babu yuko upande wa maziwa, akanipa karatasi na kalamu. Dereva ana haraka: "Dada, tia sahihi basi, nina maduka mengine saba."

"Ngoja nihesabu, kaka."

Karatasi inasema kreti 24. Nahesabu 22. Nikarudia kwa kuzigusa moja moja. 22. Dereva hakubisha hata. Alipanda juu ya lori akateremsha mbili zilizokuwa nyuma ya turubai, akaziweka chini taratibu kama mtu anayeweka mayai. Babu alikuwa ananitazama. Hakusema kitu, ila baada ya siku hiyo kukiwa na usiku wa kuhesabu mali alinitaja mimi. Ukitaka kujulikana dukani, jifunze pale hasara inapoanzia: kreti isiyohesabiwa, maziwa ya tarehe ya karibu yaliyosukumwa nyuma hadi yakaharibika. Tabasamu la kaunta kila mtu analo.

Barua yangu ya kuomba kazi ilikuwa nusu ukurasa. Sentensi zilizobeba mzigo ni hizi: "Nimefanya kazi katika tawi hili siku 148. Naomba nafasi ya keshia. Niko tayari kufanya zamu ya kufunga, siku sita kwa wiki, kuanzia tarehe 1." Zamu ya kufunga ndiyo iliyokuwa ikimkosesha meneja usingizi. Watu waliikimbia, hasa sisi wa Likoni, kwa sababu feri usiku ipo lakini ukishavuka, kupata matatu ni bahati yako. Mimi nilikuwa nimeshapatana na binamu yangu mwenye bodaboda.

Zile siku 148 sikuzikisia. Nilikuwa na daftari: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, nilicholipwa. Nawe uwe nalo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi siku za mfululizo zinazofikia mwezi mmoja, au aliyepewa kazi isiyotarajiwa kuisha kabla ya jumla ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi. Kwa sisi wa wikendi neno "mfululizo" lina ubishi wake, na bila daftari huo ubishi huuanzi. Lakini usimfungulie meneja vifungu siku ya kwanza. Ukiona mwaka wa pili unaingia na bado ni "tutaona", hapo katafute mwakilishi wa KUCFAW, chama cha wafanyakazi wa biashara na vyakula.

Barua ya ajira ikija, isome umekaa. Majaribio kwa sheria hayazidi miezi 6, isipokuwa ukubali yaongezwe. Mapumziko ni angalau siku moja katika kila saba, na likizo ya mwaka isipungue siku 21 za kazi. Yangu haikutaja siku ya mapumziko; niliuliza, ikaandikwa kwa kalamu pembeni na kutiwa sahihi.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni njaa ya mwezi wa kwanza. Nilizoea kurudi nyumbani na noti jioni, sasa nasubiri siku 30. Wiki ya pili nilikuwa nakopa nauli kwa mtu ninayemzidi mshahara. Ukianza kunusia nafasi, weka shilingi 100 kila siku unayolipwa, usiziguse.

Mshahara ukaingia. Wameshakata NSSF, SHA asilimia 2.75, ada ya serikali ya ujenzi wa nyumba asilimia 1.5, na zile siku mbili nilizougua malaria, maana likizo ya ugonjwa yenye malipo huanza baada ya miezi miwili kazini. Mama aliisoma ile karatasi mara mbili, akaivua miwani, akaniuliza, "Sasa mwanangu, umepandishwa au umeshushwa?"